Punda na Kobe wa Darasa la Pili

Jumapili iliyopita Sharifa alinijia nyumbani, hapa Kibamba, simu mkononi. Ni mwalimu kijana, jirani yangu, anafundisha darasa la kwanza. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, na kabla sijamkaribisha kiti ameshaniwekea simu mapajani.

"Bibi, nichagulie. Humo kuna programu za kufundishia watoto hesabu na kusoma, zimejaa tele. Mwalimu mkuu anataka kesho nimpe jina la moja."

Nikavaa miwani. Nikagusa jibu la kwanza, simu ikapiga vigelegele. Nikagusa la pili, vigelegele. Kidole kikateleza kikagonga picha ya ndizi ambayo haikuhusika na lolote. Vigelegele tena, na nyota juu yake.

"Hii inampongeza hata aliyeteleza," nikamwambia. "Watoto wako watajifunza nini hapo? Kuteleza?"

Sharifa alicheka mpaka akakaa chini mwenyewe. Akasema, bibi, haya yaandike, tuko wengi tunaohangaika na ishu hii. Basi naandika. Nyie wenye simu mkononi mnadhani habari ya kumchagulia mtoto programu imeanza na nyie. Sie wengine tulianza nayo wakati kompyuta ni zigo kama kabati la vyombo, inafunikwa kitambaa cha kudarizi, na chumba chake kinaingiwa bila viatu kama msikiti.

Chumba chenyewe kilikuwa Kimara, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa wakati ule: maduka, redio za watu binafsi, shule za watu binafsi. Mashirika ya umma yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na kila aliyepunguzwa anatafuta la kufanya. Wengine walifungua baa, wengine wakafuga kuku wa mayai. Mama Koku alifungua shule.

Mama Koku alikuwa Mhaya, mrefu, mwenye sauti ya kwaya ambayo akiitumia ofisini inasikika jikoni. Mie alinifuata Temeke, nilikokuwa nafundisha shule ya serikali. Nikamwambia wazi, "Mama, shule yako ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu mie ni cha kuombea maji."

"Mwalimu Mwanahawa, nimeulizia," akasema. "Watoto wako wanasoma. Kiingereza tutakiongeza polepole, kama chumvi."

Nikaenda. Akanipa darasa la pili, na baada ya muda akanipa na kompyuta. Zilikuwa kuukuu, zimetoka Ulaya kwa njia ya Dubai, na nyingine hazikuwaka kabisa lakini Mama Koku aliziacha mezani zijaze chumba. Akatandika vigae, akatundika mapazia, akanunua kufuli. Watoto walivua viatu mlangoni. Nyie mnaolalamikia chaji kwisha hamjawahi kukaa na darasa zima la soksi kwenye chumba chenye mapazia mazito, mwezi wa pili, Dar es Salaam.

Wiki ya kwanza nililetewa kesi. Mama mmoja alikuja ofisini amefura, kanga kaifunga kiunoni, anamtaka mwenye shule. Mtoto wake amerudi nyumbani akasema leo tumeshika panya, mwalimu katufundisha namna ya kumshika vizuri, na kesho tutamshika tena. "Shule gani hii ya kulipia," yule mama akasema, "watoto wanashikishwa panya?" Ikabidi nimpeleke mwenyewe chumbani nikamwekee mkono juu ya kile kidude chenye mkia wa waya. Alikisukuma, akaona mshale unatembea kwenye kioo, akatulia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kukaa kidogo.

Sasa kompyuta bila programu ni televisheni isiyo na stesheni. Ndipo akaja Fadhili. Alikuwa kijana wa duka moja la kompyuta mjini, ana tai, na suruali yake imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Alikuwa na adabu sana. Alituwekea programu mbili za watoto, tuzijaribu muhula mzima. Siku ya wazazi ikifika, Mama Koku achague ya kubaki nayo.

"Mwalimu ndiye atachagua," Mama Koku akasema. "Lakini mie nataka wazazi wakiingia mle wakasikie muziki na Kiingereza. Wametoa watoto wao mbali."

Hapo nirudi nyuma kidogo, Temeke, niwaambie habari za Mwalimu Akwilina, maana nilichofanya Kimara nilikichukua kwake.

Mwalimu Akwilina alikuwa Mngoni wa Songea, mfupi, mnene, mwenye kutembea kama ana safari ndefu. Mie nilikuwa mgeni kazini. Siku moja nikachora chati ya kujumlisha, nikatumia kila rangi niliyopata: samaki watatu upande huu, wawili upande ule, bahari ya buluu katikati. Nilikuwa najua kuchora, bwana. Nikamwomba aje anione nikifundisha. Akaja, akakaa mbele, akaipa chati mgongo. Kipindi kizima hakuitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama watoto.

Nilipomaliza akawauliza, "Leo mmejifunza nini?"

"Samaki wa mwalimu ana meno!" wakajibu kwa pamoja.

"Na tatu na mbili?"

Mmoja akajaribu, "Papa?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu Akwilina akatoa mfukoni vizibo vya soda, akawamwagia watoto mezani bila kusema neno. Kabla hatujatoka mlangoni walikuwa wanagombana nani ana vingi, na kugombana kwenyewe ilibidi wahesabu. Nje akaniambia, "Samaki wako ni mzuri, mtundike sebuleni kwako. Kifaa cha kufundishia ukitaka kukijua, usikitazame chenyewe. Tazama mikono ya watoto, na sikiliza wanabishana nini."

Basi Kimara nikawa nawasha programu ya Fadhili, kisha naipa mgongo.

Ya kwanza ilikuwa ya nyimbo. Jamani ilikuwa nzuri! Inaimba, inacheza, maua yanafunguka. Inakuuliza swali kwa Kiingereza cha puani, na pembeni kuna saa inayokwisha kama mshumaa. Ukiwahi, nyota. Ukichelewa, tarumbeta inalia kwa huzuni, pooo-o, kama ya mazishi. Wanyama wake walikuwa wa kwao huko. Watoto waliniuliza yule mwenye mkia kama brashi ni nani. Nami sikumjua, nikasema ni panya wa Ulaya. Theluji wakasema ni unga umemwagika, na mmoja akasikitika sana kwa unga wote ule.

Hayo yalinichekesha tu. Saa ndiyo iliyonikera, kwa sababu ya Fidea.

Fidea alikuwa darasani kwangu, mtoto mwembamba mwenye macho ya kupima vitu. Baba yake, Mmakonde, alikuwa anachonga vinyago Mwenge na familia ikikaa Kimara kwa juu. Alikuwa amemhamishia kwetu katikati ya mwaka kutoka shule ya serikali, ili apate Kiingereza. Na tangu siku aliyofika, Fidea hakusema. Shuleni kwetu Kiswahili kilikuwa marufuku. Ukikisema unavishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzio. Kiingereza mtoto yule hakuwa nacho, Kiswahili amekatazwa, angesema nini? Alinyamaza.

Baba yake alikuja mara moja, vumbi jeusi la mpingo kwenye nyusi. "Mwalimu, mnaniambia haongei? Nyumbani anaongea mpaka tunamwomba anyamaze tule."

Kwenye programu ya nyimbo, Fidea alikuwa analiziwa tarumbeta kila swali. Analitazama swali, anaangalia pembeni, midomo inacheza, kidole kinakwenda kwenye jibu, na saa imekwisha. Pooo-o. Wenzake wanacheka. Na ubaya wa programu ile ilikuwa inatoa alama, karatasi inachapwa na majina kwa mpangilio. Mama Koku aliipenda karatasi ile.

Akaniita ofisini. "Huyu mtoto wa mchongaji. Muhula ukiisha nataka arudi darasa la kwanza."

"Mama, anajua."

"Mwalimu, mie na wewe tunaweza kuwa na upendeleo. Mashine haina. Hata kompyuta imesema hajui."

"Kompyuta imesema hana haraka, mama. Kwamba hajui haijasema."

Alinitazama kama mtu aliyepotea njia, kisha akacheka kidogo. "Basi nionyeshe," akasema. "Siku ya wazazi baba yake atakuja. Nataka siku hiyo niwe nimejua la kumwambia."

Nikamchukua Fidea nyuma ya darasa na vizibo vyangu, nikamuuliza maswali yaleyale kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kama wezi. Alipata yote. Alikwenda polepole, akirudi nyuma kuhakikisha, kama mtu anayefunga mlango na kuujaribu tena. Lakini mie nilijua Mama Koku hatakubali vizibo. Mtu aliyetandika vigae hawezi kuambiwa habari za vizibo.

Ya pili ilikuwa ya punda. Watoto waliigombania hiyo, na nilidhani nimepata. Unapewa hesabu ya kujumlisha. Ukipata, kanyota kadogo kanatokea pembeni, kanasema ting! Ukikosa, anatoka punda, analia, anapiga teke ndoo, anateleza, anaanguka matako juu. Darasa lilikuwa linakufa kwa kicheko. Mama Koku alipita dirishani akafurahi: watoto wanapenda hesabu!

Lakini mie nilikuwa nimeipa mgongo, natazama nyuso. Nikamwona Idrisa. Idrisa alikuwa hodari wa hesabu kuliko wote, na siku ile alikuwa anakosa kila moja, uso unang'aa.

Nikamsogelea. "Idrisa, saba na mbili ngapi?"

"Tisa, mwalimu."

"Mbona umeandika nne?"

Alinihurumia kwa kutoelewa. "Nikiandika tisa, punda haanguki."

Nyie chekeni tu. Jumapili ile nilishika simu ya Sharifa nikatafuta kitu hichohicho. Kabla ya jibu sahihi, jaribu kukosea, uone kinatokea nini. Kama kukosea ndiko kunakofurahisha, umenunua punda. Kama kukosea kunatia aibu, umenunua tarumbeta. Mtoto wa miaka saba anakosea siku nzima, hiyo ndiyo kazi yake. Basi ujue unamkabidhi kwa nani wakati huo.

Nilipomrudishia Fadhili ripoti ya punda, alijikuna chini ya tai. "Mwalimu, mbona wote wanaipenda?"

"Wanampenda punda. Una nyingine?"

"Kuna moja, lakini hiyo usijisumbue. Ya zamani. Haina muziki, haina picha, haitoi hata alama. Huwa naifuta niweke vitu vya maana."

"Niwekee kabla hujaifuta."

Akaiweka, kwa kunionea huruma. Kioo kikawa cheusi kitupu, katikati kakobe kadogo, kamekaa tu. Hakasemi. Hakachezi. Mpaka ukaambie: mbele kiasi hiki, geuka kulia kiasi hiki. Kakienda kanaacha mstari nyuma yake. Kwisha habari.

Dakika chache za mwanzo watoto walikatishwa tamaa. Walitafuta pa kubonyeza kobe acheke. Kisha mmoja akamtuma mbele akapita mpaka ukingoni mwa kioo, akapotea, wote wakapiga ukelele. Mwingine akamrudisha. Wa tatu akasema tumfanye achore nyumba. Na hapo zikaanza kelele ambazo nilizijua tangu Temeke, za mezani kwenye vizibo.

"Mwambie ageuke!"

"Akigeuka huko atatoka nje ya ukuta, we!"

"Kulia yake siyo kulia yako! Yeye katazama kule!"

Kiswahili kitupu. Nikaenda nikafunga dirisha.

Fidea alikuwa ameinuka kitini. Nilidhani anataka kwenda msalani. Alikwenda mpaka pale chumba kilipokuwa na nafasi, akasimama kwenye mstari wa vigae kwa soksi zake, akaenda mbele, akasimama. Akageuka kulia, bega zima. Akaenda mbele. Akatazama alikotoka. Kisha akarudi kwenye mashine, akaandika kidole kwa kidole, akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. Hakuna saa iliyomkimbiza. Kobe akamngoja kama kobe.

Akachora mraba. Ulifunga kila pembe.

"Umefanyaje?" Idrisa akamuuliza.

"Nimekuwa yeye kwanza," Fidea akasema.

Ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia mbele ya wenzake. Kesho yake darasa zima lilikuwa linatembea kwenye vigae na soksi, kila mtu kobe, wanagongana, na wakibishana wanamwita Fidea aamue. Naye akawa anaamua. Alianza kwa kunong'ona, ikafika siku nikawa namsikia kutoka mlangoni.

Mama Koku naye alimsikia. Alifungua mlango bila kubisha. "Mwalimu Mwanahawa. Nasikia Kiswahili humu."

"Ndiyo, mama."

"Wazazi wanalipia Kiingereza."

"Kobe mwenyewe anaandikiwa kwa Kiingereza, mama, angalia, wameshajua mbele na nyuma na kulia na kushoto. Kubishana ndiyo wanabishana kwa Kiswahili. Mtoto hawezi kufikiri kwa lugha anayoogopa. Niachie chumba hiki tu. Huko nje kibao kiendelee."

Alisimama akitazama kioo cheusi chenye mistari. "Kibaya, mwalimu," akasema kwa masikitiko. "Ni kibaya sana. Mzazi akiingia aone hiki, atasema mashine zimeharibika." Akafikiri. "Haya. Mpaka siku ya wazazi. Siku hiyo lakini tunawasha ya nyimbo. Na kuhusu yule mtoto bado hujanionyesha."

"Si huyo hapo, anaongea."

"Namsikia. Nataka nimsikie akiongea mbele ya watu."

Hilo lilinikosesha raha, kwa sababu mbele ya watu Fidea alikuwa anakauka. Na siku yenyewe ikawa ni ya tarumbeta.

Ilifika, Jumamosi asubuhi. Wazazi walikuja wamependeza, wakaambiwa wavue viatu, na hapo siri za soksi za watu wazima zikajulikana. Fadhili alileta spika kubwa mbili. Watoto walipangwa mbele ya mashine, Fidea pembeni kabisa, mikono nyuma. Baba yake alikuwa amesimama mwisho, suti ya kaunda, nywele kachana lakini vumbi la mpingo halikubali kutoka lote. Mama Koku akatoa hotuba fupi ya Kiingereza, akampungia Fadhili mkono. Wimbo ukaanza, maua yakafunguka, wazazi wakasema aaah.

Umeme ukakatika.

Vioo vyote vikawa vyeusi. Feni ikazunguka kivivu ikasimama. Mle ndani, mapazia yamefungwa, watu wamejaa, joto likapanda kama sufuria imefunikwa. Fadhili alikuwa anabonyeza vitu visivyo na umeme, jasho linamwingia kwenye tai. Jenereta hatukuwa nayo. Wazazi wa nyuma walianza kutafuta viatu vyao.

Nikamtazama Mama Koku. Alikuwa anajipepea kwa karatasi ya hotuba, macho kwenye feni iliyosimama. Nikamsogelea nikamwambia, "Mama, tutoke nje. Darasa la pili lina kitu cha kuwaonyesha."

"Bila mashine?"

"Bila mashine."

Tukatoka uwanjani. Kulikuwa kumefagiwa, udongo mwekundu laini. Nikaazima mpini wa jembe kwa mzee wa bustani, nikawaambia wazazi wasimame wazunguke, kisha nikawauliza watoto, "Nani atatuonyesha kobe?"

Mikono ikaruka yote isipokuwa mmoja. Idrisa ndiye aliyepayuka: "Fidea, mwalimu! Fidea ndiye anayemjua!" Na wenzake wakamsukuma katikati kwa nguvu zote, kama wanavyosukuma watoto, bila kujua wanamsaidia au wanamwua.

Akabaki amesimama pale, watu wazima wamemzunguka pande zote. Akatazama mpini, akatazama watu, macho yale ya kupima. Kisha akanyoosha kidole.

"Baba."

"Mie?" baba yake akauliza, akageuka nyuma kuona kama kuna baba mwingine.

"Njoo uwe kobe."

Watu wakacheka, mchongaji akaja na aibu zake, akapewa mpini auburute nyuma. Fidea akamshika kiuno akamweka sawa.

"Mbele hatua tano."

Kwa Kiswahili, mbele ya wazazi wote wa shule ya Kiingereza. Baba akaenda, mstari ukamfuata kwenye udongo. Akaenda sita.

"Nimesema tano, baba!"

Uwanja ukaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza nikaona Fidea anacheka shuleni. Akamrudisha. Geuka kulia. Mbele tano. Baba, mtu wa kazi za mikono, akaona inakokwenda, akageuka mwenyewe.

"Bado! Kobe hageuki mpaka aambiwe."

"Samahani, fundi," baba yake akasema.

Mraba ukafunga. Makofi yakapigwa. Mie nikashusha pumzi, nikadhani tumemaliza salama. Ndipo Mama Koku akaingia katikati, miguu peku, maana viatu vyake vilibaki ndani. Akainama mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto. Akamuuliza kwa Kiswahili.

"Fidea. Na duara?"

Duara sikuwafundisha. Mie mwenyewe sikulijua. Kobe anajua mbele na kugeuka tu, duara atalitoa wapi? Nilitaka kuingilia kati. Fidea akanyamaza. Akanyamaza sana. Mzazi mmoja akaanza, "Sema tu mama, usiogope, se..."

"Mwacheni," Mama Koku akasema bila kugeuka. "Anafikiri."

Tukangoja, uwanja mzima. Fidea alisogea kando, akaenda kidogo kwa ncha za vidole, akazungusha bega kidogo, akaenda tena kidogo. Midomo inacheza. Kisha akarudi kwa baba yake.

"Hatua moja ndogo. Geuka kidogo. Tena hivyohivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka urudi ulikoanzia."

Akaenda yule baba, hatua ndogo, kidogo, hatua ndogo, kidogo, ulimi nje kama yuko Mwenge anatoa sikio la kinyago. Mwisho ukapishana na mwanzo, pakabaki pengo. Akainua mguu afute ajitengenezee.

"Usifute," Fidea akamwambia. "Pale ulipinda sana. Rudia tuone."

Akarudia. Lilifunga.

Nyie mtataka kujua yaliyofuata, na Sharifa hapendi hadithi ikaachwa hewani. Jumatatu Mama Koku aliniita akasema kobe abaki, na Fidea apande darasa la tatu na wenzake. Zile za nyimbo na punda Fadhili alizirudisha mjini, na Idrisa alimwomboleza punda wiki nzima. Kibao cha Kiswahili hakikuondoka shuleni, nisiwadanganye, ila madarasa ya chini kikaacha kuvishwa. Nami tangu hapo, kila programu iliyokuja, niliwauliza watoto baada ya kuizima: haya, tuonyesheni nje. Walipokuwa hawana la kuonyesha, nilijua.

Lakini siku ile yenyewe ilikuwa haijaisha. Duara lilipofunga, wazazi walianza kupanga foleni kuwa kobe, wanasukumana, na Fidea amesimama katikati na sauti imempata, anamkaripia mzee mmoja mwenye kitambi aliyegeuka kushoto badala ya kulia. Katikati ya yote hayo umeme ukarudi, na Fadhili, aliyebaki ndani akiungoja, akawasha mashine upya. Tukasikia kutoka ndani spika za Fadhili zinafyatuka, wimbo unaimba peke yake kwenye chumba kitupu, kwa Kiingereza safi kabisa. Hakuna aliyegeuka. Fadhili akamkimbilia Mama Koku, uso umejaa matumaini. "Mama, umerudi! Niwaite waingie?"

Mama Koku alikuwa ameshika mpini, zamu yake inakuja.

"Kazime hiyo kitu, baba," akasema. "Hatumsikii mtoto anasema nini."